Kuokoa Muda wa Msomaji: Mfanyakazi wa Maktaba na Zana Mpya za Mtandaoni



Maparoni ni kata ya Wilaya ya Kibiti, mkoani Pwani, ndani ya delta ya Mto Rufiji, pale mto unapogawanyika katika mikono mingi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi. Huku ndiko kuliko msitu mkubwa wa mikoko kuliko yote nchini Tanzania, na tangu mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa limo katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Barabara ya watu wa visiwa hivi ni maji, na saa ya safari huamuliwa na maji kujaa na kupwa. Mwanafunzi anayevuka kwenda kisiwa kingine kutafuta kitabu hana siku nzima ya kusubiri. Maji yakishapwa, mtumbwi hukaa juu ya tope, na safari ya kurudi huahirishwa hadi maji yajayo.

Tumeanza na maji kwa sababu yanatupa kipimo cha jambo tunalotaka kulieleza. Mwaka 1931 mkutubi wa Kihindi, S. R. Ranganathan, alitoa kanuni tano za maktaba ambazo hadi leo hufundishwa katika vyuo vya ukutubi. Mojawapo inamtaka mkutubi aokoe muda wa msomaji. Penye maktaba kubwa ya mjini, kuokoa muda ni kupunguza dakika za kusubiri. Katika delta ni kumwezesha msomaji arudi nyumbani na maji yale yale, akiwa na jibu alilolifuata. Zana mpya za mtandaoni tutazipima kwa kipimo hicho.

Makala hii imeandikwa kwa ajili ya yeyote anayetunza vitabu katika parokia, kigango, shule au kijiji, na kwa viongozi wanaomtuma kazi hiyo.

Mfanyakazi wa maktaba ni nani?

Tunapotaja maktaba hatumaanishi jengo kubwa peke yake. Kabati la vitabu katika ofisi ya mwalimu ni maktaba. Rafu ya vitabu vya sala, katekisimu na magazeti ya zamani katika nyumba ya kigango ni maktaba pia, mradi yupo mtu anayejua kilichomo, anayekitunza na anayekiazimisha. Mtu huyo ndiye mfanyakazi wa maktaba, hata kama cheo chake ni mwalimu, katekista, mtawa au kijana wa kujitolea.

Kazi yake ni tatu: kukusanya, kupanga na kumfikishia msomaji. Ya tatu ndiyo sababu ya zile mbili za kwanza. Vitabu mia vilivyofungiwa kabatini na ambavyo hakuna anayejua vilipo havimsaidii mtu. Kinyume chake, mtu mwenye vitabu kumi tu, anayejua kila kimoja kinasema nini na nani anakihitaji, anaendesha maktaba iliyo hai.

Wakazi wengi wa delta ni ndugu zetu Waislamu. Kabati la vitabu linalotunzwa na Mkatoliki ni mali ya kijiji kizima kwa matumizi. Anayekuja kutafuta kitabu cha hesabu, cha kilimo cha mpunga au cha afya ya mama na mtoto haulizwi dini yake.

Mfano kutoka Vatikani

Huenda mfanyakazi wa maktaba aliyezoea daftari lake akaona haya au hofu anapoambiwa ajifunze zana mpya akiwa mtu mzima. Kanisa limewahi kupitia hali hiyo ndani ya maktaba yake lenyewe.

Maktaba ya Kitume ya Vatikani iliwekwa rasmi na Papa Sixtus IV mwaka 1475. Kwa karne nyingi vitabu vyake viliorodheshwa kwa mkono katika vitabu vikubwa vya orodha. Mtafiti alihitaji muda mrefu, na mara nyingi alihitaji pia bahati, ili kukipata alichokitafuta. Mwaka 1922 alichaguliwa kuwa Papa mtu aliyeyajua matatizo hayo kwa ndani. Achille Ratti, aliyetwaa jina la Pio XI, alikuwa mkutubi. Alifanya kazi tangu mwaka 1888 katika Maktaba ya Ambrosiana mjini Milano, kisha akawa msimamizi mkuu wa Maktaba ya Vatikani.

Chini ya Pio XI, kwa msaada wa wakfu wa Carnegie wa Marekani, Vatikani iliamua kuanza orodha mpya ya kadi, mtindo uliokuwa umekomaa katika maktaba za Marekani. Wafanyakazi kadhaa walitumwa huko kujifunza kuanzia mwaka 1927. Mmoja wao alikuwa Igino Giordani, mlei, mume na baba wa watoto, mwandishi aliyekuwa amejeruhiwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 30 alipokaa darasani tena, katika nchi ya kigeni, ili ajifunze namna ya kuandika kadi ya kitabu. Aliporudi aliongoza kazi ya katalogi, na mwaka 1931 zilichapishwa kanuni za Vatikani za kuorodhesha vitabu, ambazo zilitumiwa na maktaba nyingi nje ya Roma. Leo Giordani anaitwa Mtumishi wa Mungu, kwa kuwa mchakato wa kumtangaza mwenye heri umefunguliwa.

Meza zile zilimhifadhi pia Alcide De Gasperi. Baada ya kufungwa na utawala wa kifashisti alipata kazi katika Maktaba ya Vatikani mwaka 1929, akaifanya kwa miaka mingi. Mwaka 1945 akawa Waziri Mkuu wa Italia.

Mwaka ule ule wa 1931, tarehe 12 Februari, Papa huyo mkutubi alizindua Radio Vatikani iliyojengwa na Guglielmo Marconi. Kadi na redio zilikuwa zana mpya za zama zake. Kwa Pio XI zote mbili zilikuwa na kazi moja, yaani kuufikisha ukweli kwa mtu aliye mbali.

Mafundisho ya Kanisa yaliendelea katika njia hiyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati Inter Mirifica tarehe 4 Desemba 1963 kuhusu vyombo vya mawasiliano ya jamii. Mwaka 2002 Baraza la Kipapa la wakati huo lilitoa hati iitwayo Kanisa na Intaneti, na Mtakatifu Yohane Paulo II akaufanya mtandao kuwa mada ya ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni. Katika hati hizi Kanisa linatualika kuzipokea zana kama zawadi na kuzitumia kwa busara, bila kuziogopa na bila kuziabudu.

Safari ya maktaba nchini mwetu

Huduma ya maktaba za umma Tanzania ilianza kuwekwa kisheria mwaka 1963. Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, ilifunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Sheria ya mwaka 1975 iliipa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania sura iliyo nayo. Baada ya mwaka 1970 kutangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, maktaba za vijiji zilianzishwa ili waliojifunza kusoma wasisahau. Wazee wengi wanayakumbuka makabati yale ya vijitabu vya kilimo na siasa.

Nyingi ya maktaba hizo zilififia. Vitabu viliazimwa visirudi, mchwa wakala vilivyobaki, na pale mtunzaji alipohama, ujuzi wa kilichomo ulihama naye. Hili la mwisho ndilo funzo kubwa kwetu. Maktaba ambayo orodha yake imo kichwani mwa mtu mmoja hufa siku mtu huyo anapopanda boti.

Kwa anayetaka mafunzo rasmi, Bodi ina Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka huko Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1989. Lakini mtu wa kigango hahitaji kusubiri nafasi ya chuo ndipo aanze.

Zana zenyewe

Tunazigawa katika makundi matano, tukianza na iliyo rahisi.

1. Orodha katika jedwali la kompyuta. Hii ndiyo zana ya kwanza, na kwa makabati mengi inatosha. Kila kitabu hupewa mstari mmoja wenye namba yake, mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, mada, na mahali kilipo. Safu nyingine hutunza jina la aliyekiazima na tarehe ya kukirudisha. Kompyuta mpakato yoyote, hata simu janja, inaweza kuitunza orodha hii bila mtandao. Faida yake huonekana siku ya kwanza: mtu akiuliza habari za ufugaji wa samaki, neno moja huandikwa na mistari yote inayohusika hutokea.

Mfanyakazi azoee pia kuisoma namba ya kimataifa ya kitabu, ISBN, iliyo nyuma ya jalada. Tangu Januari 2007 ina tarakimu 13. Baada ya 978, kundi la 9976 au 9987 huonyesha kwamba kitabu kimetolewa na mchapishaji wa Tanzania. Kwa namba hiyo, taarifa za kitabu zinaweza kupatikana katika katalogi kubwa kama WorldCat, iliyoanza Marekani mwaka 1971 na ambayo leo hutafutwa bure kwa yeyote.

2. Mfumo wa kuendesha maktaba. Mkusanyo ukikua, jedwali huanza kuelemewa. Hapo ndipo unapofaa mfumo kama Koha, unaotumika katika maktaba kadhaa za vyuo vikuu nchini. Historia yake inafariji. Mwaka 1999 maktaba za Horowhenua, wilaya ya mashambani huko New Zealand, zilikuwa na mfumo wa zamani ambao usingevuka mwaka 2000 salama, na fedha za kununua mpya zilikuwa chache. Wakaamua kutengeneza wa kwao, ukaanza kazi Januari 2000, kisha wakautoa bure kwa dunia nzima. Koha ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Programu haina ada ya leseni, lakini inahitaji mtu wa kuisimika na kuihudumia. Tunaushauri mfumo huu kwa seminari, shule kubwa au ofisi ya jimbo, si kwa kabati la kigango.

3. Maktaba zilizo mtandaoni. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vya shule. African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, hutoa hadithi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, kwa leseni inayoruhusu kuchapishwa na kugawiwa. Internet Archive, iliyoanzishwa mwaka 1996, ina picha za kurasa za vitabu vingi vya kale. Maktaba ya Vatikani yenyewe, yenye miswada ipatayo 80,000, inaendelea kuipiga picha na kuionyesha bure. Kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ya Padre Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliyefanya utume katika pwani yetu mwishoni mwa karne ya 19, ilitoka mwaka 1939, na kwa muda mrefu ilionekana katika maktaba chache tu. Leo inasomeka pia mtandaoni.

4. Maktaba isiyohitaji mtandao. Kwa visiwa vya delta hili ndilo kundi tunalolipa uzito mkubwa, maana mtandao ukiwa dhaifu au kifurushi kikiisha, zana za kundi la tatu hunyamaza. Kiwix, programu huria iliyoanza mwaka 2007, humwezesha mtu kupakua kamusi elezo nzima ya Wikipedia mahali penye mtandao mzuri, kuiweka katika kadi ndogo ya kumbukumbu, na kuisoma popote. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ni ndogo kiasi cha kutosha katika simu ya kawaida. Kolibri hufanya vivyo hivyo kwa masomo na mazoezi ya shule.

Hatua moja zaidi ni kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, kama Raspberry Pi, iliyowekewa mkusanyo huo na kuunganishwa na umeme wa jua. Kifaa hiki hutoa mawimbi ya Wai-Fai chumbani, na simu zilizo karibu huusoma mkusanyo bila kifurushi. Mfanyakazi wa maktaba wa kisiwani anaweza kwenda Kibiti au Dar es Salaam mara moja kwa miezi kadhaa, akapakua mapya, na kurudi nayo mfukoni. Yeye mwenyewe anakuwa daraja kati ya mtandao na watu wake.

5. Akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba. Programu hizi hujibu maswali kwa lugha laini, Kiswahili kikiwemo. Zinaweza kusaidia kufupisha maandishi au kuandaa barua. Lakini zina kasoro ambayo mfanyakazi wa maktaba lazima aijue: huweza kutaja kwa uhakika kitabu kisichokuwepo, chenye mwandishi na mwaka wa kubuni. Kwa hiyo kila jina la kitabu lililotoka huko lihakikiwe katika katalogi kabla ya kumpa msomaji. Hati ya Vatikani Antiqua et Nova, ya tarehe 28 Januari 2025, inatofautisha kwa makini akili ya mwanadamu na uwezo wa mashine. Mashine haiwajibiki kwa mtoto aliyepewa jibu la uongo. Aliyempa ndiye anayewajibika.

Sanaa ya kutafuta

Zana nzuri mkononi mwa asiyejua kuuliza haizai matunda. Tutoe mfano wa karibu. Mwanafunzi wa delta anakuja na swali la shule kuhusu mti uitwao mchu. Akiandika neno hilo peke yake katika mtandao atapata machache. Mfanyakazi wa maktaba kwanza humsikiliza: anataka kujua matumizi ya mti, mahali unapoota, au namna unavyoishi katika maji ya chumvi? Kisha hutafuta jina la kisayansi, Avicennia marina. Kwa jina hilo katalogi na makala za dunia nzima hufunguka. Vivyo hivyo mkoko wenyewe ni Rhizophora mucronata, na mkandaa ni Ceriops tagal. Mfanyakazi aliyeandika orodha ya majina kama haya ukutani ameokoa muda wa wasomaji wengi.

Kanuni nyingine ni chache. Tafuta kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Weka alama za kunukuu kuzunguka maneno yanayopaswa kukaa pamoja. Tazama nani ameandika, lini, na kwa nini. Linganisha angalau vyanzo viwili visivyonakiliana. Jambo la afya, uchaguzi au dini lililosambazwa kwa simu bila jina la mwandishi lisipewe msomaji kama ukweli hadi lihakikiwe.

Zana hizi huenda pande mbili. Kata nyingi za Tanzania, Maparoni ikiwemo, zina makala fupi sana katika Wikipedia ya Kiswahili. Mfanyakazi wa maktaba aliyejifunza kuhariri anaweza kuongeza humo taarifa za kweli kuhusu mahali pake, mradi zitokane na maandishi yaliyochapishwa, kwa kuwa ndivyo kanuni za kamusi hiyo zinavyotaka. Hapo watu wa delta wanakuwa wasomaji na wachangiaji kwa wakati mmoja.

Namna ya kujifunza bila kukata tamaa

Tunapendekeza mwendo ufuatao.

Kwanza, jifunze jambo moja kwa wakati mmoja. Wiki za mwanzo ziwe za kuandika, kuhifadhi faili na kulipata tena. Anayeharakia mambo makubwa kabla ya haya hupoteza kazi ya siku nzima na kuichukia kompyuta.

Pili, andika hatua katika daftari kwa maneno yako mwenyewe. Zana hubadilika, na usipoitumia kwa mwezi mmoja husahaulika.

Tatu, pokea mwalimu yeyote Mungu atakayemleta. Mara nyingi atakuwa kijana. Kijana atamwamkia mzee shikamoo, mzee ataitikia marahaba, kisha kijana atamwonyesha mzee namna ya kutafuta, na mzee atamwonyesha kijana kipi kinafaa kusomwa. Hakuna aliyepungukiwa heshima katika mabadilishano hayo.

Nne, mfundishe mwingine mara tu unapojua. Kila maktaba iwe na watu wawili wanaoijua orodha na maneno ya siri, nayo maneno hayo yaandikwe na kufungwa katika bahasha inayotunzwa parokiani au kwa mwalimu mkuu.

Tano, usilitupe daftari la karatasi. Kwa miezi ya mwanzo daftari na jedwali viende pamoja. Nakala rudufu ya jedwali ikae mahali pengine, ikiwezekana kisiwa kingine au parokiani, kwa sababu chumvi, unyevu na mtumbwi uliopinduka haviulizi kilichomo katika kompyuta.

Tahadhari za sheria na dhamiri

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda kazi ya mwandishi katika uhai wake na miaka 50 baada ya kifo chake. Padre Sacleux alifariki mwaka 1943, hivyo kwa kipimo hicho ulinzi wa kamusi yake umekwisha. Kitabu cha mwandishi aliye hai kilichopigwa picha na kusambazwa kwa simu bila idhini ni jambo jingine. Aliyekiandika ana familia ya kulisha. Kumnyima haki yake kwa kisingizio cha kueneza elimu ni kuvunja haki tunayoihubiri.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu pia orodha ya wasomaji. Namba ya simu ya mama aliyeazima kitabu cha maradhi fulani ni siri yake. Jedwali la wanaoazima lisitumwe katika kundi la simu, wala kuachwa wazi mezani. Msomaji akijua kwamba alichokisoma kitatangazwa, hatauliza tena swali lenye uzito. Huenda siku ile lile swali ndilo lililokuwa la maana kuliko yote katika maisha yake.

Wajibu wa parokia na kigango

Mfanyakazi wa maktaba hawezi kubeba gharama peke yake. Halmashauri ya walei inaweza kutenga kiasi kidogo cha kifurushi cha mwezi, kadi ya kumbukumbu, na nauli ya safari ya kupakua. Jumuiya Ndogo Ndogo zinaweza kurudisha vitabu vilivyoazimwa miaka iliyopita na vikasahaulika makabatini. Vijana wenye ujuzi wa kompyuta wanaorudi likizo waombwe siku mbili za kufundisha. Na mwanzo usiwe mkubwa: mwezi wa kwanza, hesabu vitabu na uviandike vyote katika jedwali. Mwezi wa pili, weka Wikipedia ya Kiswahili katika simu moja ya maktaba. Mwezi wa tatu, uliza wasomaji walikosa nini, na utafute hicho.

Hitimisho

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 13, Bwana anamfananisha mwandishi aliyefundwa vema na mwenye nyumba anayejua kutoa katika hazina yake vya zamani na vipya pia. Mfanyakazi wa maktaba ana hazina ya namna hiyo: daftari la zamani lenye majina ya walioazima, na kadi ndogo ya kumbukumbu yenye maelfu ya makala. Zote mbili anazitunza kwa ajili ya mtu mmoja, yule anayefunga mtumbwi ufukweni na kuja na swali.

Mtu huyo hatauliza tumetumia mfumo gani. Ataangalia kama amepata alichokifuata, na kama maji bado yapo ya kumrudisha nyumbani.